Siri ya Tani Moja

SEHEMU YA KWANZA: FENI YA MLINZI

Umewahi kumficha mkeo kitu? Deni la dukani? Shati la bei mbaya? Simu uliyoiangusha chooni?

Hayo madogo. Mimi nilijaribu kuficha kitu chenye uzito wa karibu tani moja.

Tulia, nitakueleza. Ila usinihukumu kabla hatujafika sehemu ya nne.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Majogoo wa Gongo la Mboto walikuwa bado wanabishana. Simu ikatetemeka chini ya mto. Nikachungulia kwa jicho moja: dalali.

"Bosi wangu, mzigo umepatikana."

Maneno manne tu. Usingizi ukakimbia kama kuku aliyeona kisu.

Mzigo gani? Sogea nikunong'oneze. Mimi ni fundi wa vyuma. Nyuma ya nyumba nina banda la bati, na ndani ya banda nina mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kimetulia. Shafti natoa, bushi natoa, wateja hawakosi.

Lakini mteja akisema, "Fundi, na kiwei uniwekee," natoa macho. Kiwei ni ule mfereji mwembamba unaokaliwa na ufunguo ili puli isiteleze kwenye shafti. Kuuchonga kunataka mashine ya kinyume: kisu kizunguke, chuma kifungwe mezani na kisogezwe taratibu. Hiyo ndiyo milingi.

Miaka mitatu kila kiwei nilikipeleka Gerezani. Nauli yangu, foleni yangu, faida yao. Mpaka siku moja mteja wangu mwenye mashine za kukoboa akaniuliza, kwa upole kabisa: "Sasa fundi, kama kazi inaishia Gerezani, mimi kwako nafuata nini?"

Ungemjibu nini wewe?

Nikaenda kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa nikachukua milioni nane. Kwa Mama Watoto nikasema, "Nataka kimashine kidogo tu, kama drili. Kinakaa mezani."

Lishike hilo neno "mezani". Litarudi, na likirudi halitakuwa na huruma.

Saa tatu nilikuwa Vingunguti, ndani ya ghala moja lenye giza. Sikwenda peke yangu. Nilimchukua Mzee, fundi mstaafu aliyenifundisha kushika tupa kabla sijaota ndevu. Mzee ana mfuko wa kitambaa begani na maneno machache mdomoni. Vyote viwili havifunguliwi ovyo.

Dalali akavuta turubai.

Jamani!

Ilisimama pale, ndefu kuniliko, kijani inayong'aa, kichwa chake kimeinama mbele kama mtu anayesoma barua. Ubavuni kibati cha jina: Bridgeport. Chini yake: Leicester, England.

Jina hilo nililijua. Mwaka 1936 mhamiaji mmoja kutoka Uswidi, Rudolph Bannow, aliyekuwa na karakana katika mji wa Bridgeport, Marekani, alichora wazo lake kwenye mfuko wa karatasi ya kaki. Ndiyo, kama ule wa maandazi. Kichwa chenye mota yake, kikae juu ya mkono unaosogea mbele na nyuma, kikageuke upande wowote unaotaka. Mwaka 1938 mashine ya kwanza ikauzwa. Baadaye zikatengenezwa Uingereza pia, na viwanda chungu nzima duniani vikaiga.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu mashine yenye jina kubwa hupata mnunuzi hata ikiwa maiti. Ukiipaka rangi tu, watu wanapigana vikumbo.

"Milioni tisa, bosi. Na kuna mtu wa Mwanza anafika saa sita."

Mtu wa Mwanza! Kila dalali ana mtu wa Mwanza. Nilijua hivyo, na bado mkono wangu ulielekea mfukoni.

Mzee akaudaka. Hakusema kitu. Akasogelea mashine, akabonyeza ukucha kwenye ile rangi ya kijani, akauondoa.

Alama ya ukucha ikabaki.

"Rangi hii bado haijajua jina lake," akasema. Kisha akamgeukia dalali. "Iwashe."

Dalali akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Mzee wangu, shikamoo tena! Umeme hakuna. Tangu jana."

Tukanyamaza wote. Na katika kimya kile nikasikia kitu. Fyu, fyu, fyu.

Nikageuza shingo. Pale kwenye kibanda cha mlinzi, juu ya kichwa cha mlinzi aliyekuwa anakoroma, feni ilikuwa inazunguka.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

SEHEMU YA PILI: TARAKIMU ISHIRINI

Tuliachana feni ikizunguka kwenye ghala ambalo "halina umeme". Ulidhani dalali amekamatika? Hujui madalali.

"Aah, ile ni mita nyingine!" akasema bila kupepesa. "Ya mlinzi ni fezi moja. Mashine inakula fezi tatu, mita yake ile pale ukutani. Luku ndiyo imeisha."

Tukatazama. Kweli, mita zilikuwa mbili. Uongo wake ulikuwa na miguu miwili ya ukweli, na uongo wa aina hiyo ndio mgumu kuuangusha.

Mzee akatabasamu. "Luku haichimbwi Mererani, mwanangu. Inanunuliwa kwa simu."

Kisha akanitazama mimi.

Naam. Nilinunua umeme wa kujaribia mashine isiyo yangu, kwenye ghala lisilo langu. Shilingi elfu kumi. Nikabonyeza, nikasubiri ujumbe. Mtandao nao ukaamua siku hiyo ni ya mapumziko.

"Wakati tunasubiri," Mzee akasema, "tuikague ikiwa usingizini. Wewe panda ufungue kiboksi cha nyaya pale kwenye mota, uniambie umeona nini."

Macho yangu yalikuwa kwenye simu. Kiboksi kilikuwa juu, skrubu zake zimezama kwenye rangi. "Tayari, Mzee," nikajibu.

Sikuwa nimefungua chochote.

Usiniulize kwa nini. Wewe hujawahi kumjibu mama yako "nimeshafanya" huku umelala? Lakini "tayari" ile iweke kando ya "mezani". Zitakutana.

Mzee akaanza na meza, ile ya chuma ambayo kazi hufungwa juu yake. Akaipapasa kama mganga anayetafuta mbavu. "Tundu moja. Mbili. Saba." Mashimo saba ya drili! Kila shimo ni siku moja ambayo mtu alitoboa kazi akapitiliza. "Walioitumia walikuwa na haraka," akanong'ona.

Akazungusha hendeli ya meza kulia, akasimama, akarudisha kushoto. Hendeli ikageuka. Meza ikabaki palepale. Ikageuka zaidi. Meza palepale! Ikabidi izunguke robo nzima ndipo meza iitikie.

Robo mzunguko ni nini, utauliza? Katika mashine hii ya inchi, hendeli ikizunguka mara moja meza husogea milimita tano na ushee. Robo yake ni zaidi ya milimita moja ya mchezo mtupu. Hiyo si aibu tu, ni hatari. Kisu kikikata kwa kufuata upande unaoelekea kazi, hukidaka chuma na kukivuta ghafla ule mwanya wote. Kisu kinakatika, na kipande chake hakichagui jicho la nani.

"Inatibika?" nikauliza, koo kavu.

"Nati yake imepasuliwa makusudi ili ikazwe ikichakaa. Inatibika nusu."

Akakaza kabari inayobana meza. Katikati meza ikatulia vizuri. Akaisukuma kuelekea mwisho: ikagoma kama punda. Unaelewa maana yake? Mafundi wa miaka yote walifanyia kazi katikati tu. Katikati pameliwa, pembeni bado pazima. Ukiibana kwa ajili ya katikati, pembeni haipiti.

"Na hii?"

"Hii haitibiki hapa mjini kwa fedha yako."

Moyo ukashuka mpaka kwenye viatu.

Mzee akafungua mfuko. Akatoa koleti ya R8, ile ya kushikia kisu, akaisukuma kwenye mdomo wa spindo. Ikaingia mpaka mwisho kama mguu kwenye kiatu chake. Nikapumua. Tundu la aina nyingine lingemaanisha vishikio vya kutafuta kwa tochi. Akatoa kile kisaa chake cha kupimia, akakiegemeza ndani ya mdomo, akazungusha spindo kwa mkono. Mshale haukuvuka sehemu moja ya mia ya milimita.

"Mh," akasema Mzee. Kwa Mzee, "mh" ni hotuba.

Simu ikalia. Tarakimu ishirini! Nikakimbilia mita. Nikakosea ya kumi na saba. Nikarudia, jasho likinidondoka kwenye vitufe. Mita ikapiga mlio. Namba zikapanda.

Dalali akawa wa kwanza kurudi nyuma hatua mbili. Ulimwona? Mimi nilimwona.

Mzee akawasha swichi.

Mashine ikaguna. Halafu ikaanza: du-du-du-du-du, mlio mzito, kama mbuzi mwenye kikohozi aliyefungiwa ndani ya pipa. Vumbi likadondoka kutoka darini.

Mzee akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kichwa cha mashine, mpini akaubana sikioni. Akafumba macho.

Ule uso nilikuwa sijawahi kuuona tangu nimfahamu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

SEHEMU YA TATU: KUCHAGUA UGONJWA

Wiki nzima mmenisumbua: mlio ule ulikuwa nini? Beringi za spindo? Mashine imekufa?

Kama ni beringi za spindo, hadithi ingeishia hapa, ningepanda daladala nikarudi Gerezani na viwei vyangu. Beringi hizo ndizo zinazobeba usahihi wote wa mashine. Ni ghali, na kuzifunga kunataka mkono wa mtu anayejua.

Mzee akafumbua macho. Akazima. Akafungua mfuniko wa juu, akautoa mkanda kwenye puli. Akazungusha spindo kwa mkono: kimya. Laini kama siagi juani. Akawasha mota peke yake, bila mkanda: kimya vilevile, inanguruma kistaarabu.

Umeshaona? Mota nzima. Spindo nzima. Nani kabaki?

Akaubeba ule mkanda, akauinua kwenye mwanga. Ulikuwa haujawa duara tena. Mashine iliyosimama miaka mingi bila kazi, mkanda wake huganda kwa umbo la puli, ukajikunja palepale ulipolala. Ukiuzungusha, kila kona inapiga: du-du-du.

Mkanda! Kitu cha kununua Kariakoo na kurudi kabla chai haijapoa.

Niligeuka nimwambie dalali. Mzee akanikanyaga mguu.

Kwa sauti ya msibani akasema, "Mwanangu, huu mlio umenitisha."

Je, huo ulikuwa uongo? Mzee alitishika kweli, nilimwona kwa macho yangu. Hakusema tu kwamba ameshatulia. Na yule aliyesema umeme hakuna, tumwite nani?

Mzee akahesabu kwa vidole: mashimo saba, hendeli yenye mchezo, katikati pameliwa, rangi ya jana, mlio. Kwa kila kidole dalali akapungua kama mshumaa. Milioni tisa ikawa nane. Nane ikawa saba na nusu. Mtu wa Mwanza akatajwa mara mbili, mara ya tatu akasahauliwa. Saa sita na robo tukashikana mikono kwenye milioni sita na nusu.

Tulipotoka nje kunywa maji nikamuuliza, "Mzee, lakini ile katikati iliyoliwa umesema haitibiki. Mbona umeniacha nimenunua?"

"Unachonga nini wewe? Ndege?"

"Viwei. Puli. Gia za mashine za kukoboa."

"Basi. Mashine ya mtumba haiji nzima, mwanangu. Zote zinaumwa. Kazi yako ni kuchagua ugonjwa unaoweza kuishi nao."

Niandikie hiyo ukutani.

Haya, sasa tuibebe. Kilo mia tisa hivi, na uzito wake mwingi uko juu: mota, kichwa, ule mkono wa kuteleza. Ni kama kumbeba mtu aliyejitwisha ndoo mbili. Wengi huiangusha siku ya kwanza, wakarudi nyumbani na chuma chakavu walichokilipia bei ya mashine.

Mzee akateremsha goti la mashine, lile linalobeba meza, mpaka chini kabisa. Kisha akalegeza boliti za kichwa na kukigeuza taratibu, miguu juu, mota ikaning'inia chini. Vibarua wakacheka. "Mzee kaipindua kama popo!" Akawaacha wacheke. Alikuwa anaushusha uzito.

Tukaisukuma juu ya vipande vya bomba hadi mlangoni, Canter yenye winchi ikainyanyua, mikanda ikakazwa, tukaondoka. Barabara ya Nyerere, Uwanja wa Ndege, tukakaribia nyumbani. Nilikuwa nimekaa na dereva, nikipiga mluzi. Mama Watoto angekuwa sokoni mpaka saa kumi. Ningeiingiza bandani, ningeifunika turubai, halafu ningemweleza polepole, kwa wiki kama mbili hivi.

Mpango mzuri, sivyo?

Mvua ilinyesha usiku uliotangulia. Kwenye kona ya mwisho, hatua mia moja kutoka getini kwangu, dereva akambana mwenye bodaboda, akakata kulia.

Krak!

Gurudumu la nyuma likavunja ukingo wa karo la jirani. Canter ikainama. Mikanda ikalia kama nyuzi za zeze. Mashine ikaegemea upande, kidogo, halafu kidogo tena.

Nikaruka chini. Sikujua nishike nini. Mtu hushikaje kilo mia tisa?

Simu ikalia. Mama Watoto!

Nikapokea kwa sauti tamu kuliko kawaida yangu.

"Baba Watoto," akasema, "nimewahi kurudi. Usipite njia ya kwa jirani, kuna lori limezama kwenye karo."

"Sawa, mke wangu. Asante kunitonya."

Kimya kifupi.

"Halafu… huyo anayeongea na simu kando ya lori, mbona kavaa shati lako?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.

SEHEMU YA NNE: MOJA, MBILI, TATU

Wengi mliniandama: "Alikupiga?" Hapana. Afadhali angenipiga.

Alikuja akitembea taratibu, khanga ameikaza kiunoni, mikono nyuma. Akaizunguka Canter mara moja. Akaitazama ile mashine iliyoning'iniza kichwa chini. Akanitazama mimi.

"Ulisema kinakaa mezani."

Kijiwe kizima kilikuwa kimeshafika. Vijana wakanyamaza ili wasikie vizuri.

Nikameza mate. "Meza imekuja nayo."

Hapo waliocheka walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Watoto hakucheka. Lakini nilimwona anauma mdomo wa chini, na miaka kumi na moja ya ndoa imenifundisha maana yake: hukumu imeahirishwa, haijafutwa.

"Kwanza itoke kwenye karo la watu," akasema. "Mengine nyumbani."

Sasa ndipo nilipouona ubongo wa Mzee. Canter ilikuwa imeinama vibaya, lakini mashine haikwenda. Kichwa kiko chini, goti liko chini, uzito wote umejikunja karibu na sakafu ya gari. Ingekuwa imesimama kama nilivyoikuta ghalani, leo ningekuwa nakusimulia habari za msiba.

Tukaleta mbao za ujenzi, jeki mbili, na mawe. Jeki ikazama kwenye mchanga. Tukaiwekea ubao chini. Ikapanda. Mkanda mmoja ukakatika, pwaa! Watu wakatawanyika kama njiwa. Wa pili ukashikilia. Saa moja na dakika zake, gurudumu likakanyaga mbao, Canter ikatoka.

Karo nililijenga upya Jumatatu yake, mfuko wa saruji na nusu. Hiyo nayo iandike kwenye bei. Mashine ya mtumba ina bei ya dalali, halafu ina bei yenyewe.

Magharibi ilipoingia ilikuwa imesimama bandani, kichwa kimerudishwa juu. Mzee akakalia ndoo, akinywa chai. Mama Watoto akaingia na taa ya kuchaji.

Sijakwambia kazi yake. Mke wangu ni fundi cherehani. Vyerehani vyake vitatu vyote alinunua vya mtumba, na hakuna hata kimoja kilichomlaza njaa. Akaenda moja kwa moja kwenye hendeli. Akaizungusha kulia, akasimama, akairudisha kushoto.

"Ina mchezo," akasema.

Mzee akasahau kumeza chai.

"Na katikati imekwisha kuliko pembeni," akaendelea, kidole kikipita kwenye njia ya kutelezea. "Mmejua?"

"Tumejua, mwanangu," Mzee akajibu kwa heshima mpya. "Tumechagua ugonjwa wa kuishi nao."

"Hata mimi niliolewa hivyohivyo," akasema bila kunitazama.

Nikafikiri nimepona. Mtu akishatania, si amekusamehe? Ndipo akauliza swali moja dogo, lile ambalo siku nzima wanaume wazima tulikuwa hatujaulizana.

"Inatumia umeme gani?"

"Fezi tatu," nikasema.

"Sisi tuna fezi ngapi?"

Kunguni wa ukutani walisikika wakitembea.

Moja. Nyumba yangu ina fezi moja, volti 230. Mota ilikuwa imeandikwa 415. Kuvuta fezi tatu mpaka mtaani kwetu kunataka nguzo, na nguzo zinataka fedha ambayo karo lilikuwa limeshaanza kuila.

Mzee hakushtuka. "Kuna kisanduku, mafundi wanakiita VFD. Unakilisha fezi moja, chenyewe kinatoa tatu. Cha kawaida hakizidishi volti: umekipa 230, kinakupa 230. Mota iliyofungwa kwa nyota ya 415 itakuwa dhaifu, itachemka. Lakini ikiwa ncha zote sita za nyaya zimeletwa mpaka kwenye kiboksi, unazifunga kwa pembetatu, na 230 inakuwa ndiyo chakula chake halisi."

"Na zikiwa tatu?" akauliza Mama Watoto.

"Zikiwa tatu, fundo la nyota limezikwa ndani ya koili. Fundi wa kusuka mota aipasue, alichimbue. Na mota ya umri huu, ukiichimbua, nyaya zake zinaweza kukatika kama tambi. Hapo ni mota mpya." Akanigeukia, akitabasamu. "Ila hatuna wasiwasi. Wewe si ulikifungua kile kiboksi kule ghalani? Ziko ngapi?"

Tayari, Mzee.

Umeikumbuka sasa? Mezani na tayari zilikuwa zimekutana, zimeshikana mikono, zinanitazama.

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mzee akaiweka chai chini polepole. Mama Watoto akanitazama, akamtazama Mzee, akaelewa. Hakusema neno. Akanipa bisibisi.

Nikapanda juu ya kreti. Skrubu ya kwanza, imezama kwenye rangi. Akanipitishia kile kisu chake cha kufumulia mishono, nikaikwangua, ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikalia kwa kutu, ikatoka. Ya nne ikazunguka, ikazunguka, haitoki wala haikazi.

"Taratibu," Mzee akanong'ona. Hakuwa ameketi tena.

Ikadondoka. Mfuniko ukang'ang'ania rangi. Nikauchokonoa, ukaachia, vumbi la miaka likanijaa machoni. Sioni kitu!

"Shuka," akasema mke wangu. Akapanda yeye. Akainua taa, akaingiza kidole kimoja, akaanza kuhesabu.

"Moja."

Mzee akashika meza ya mashine.

"Mbili."

Milioni sita na nusu. Mkopo wa chama. Mfuko wa saruji na nusu.

"Tatu."

Akanyamaza. Akasogeza taa karibu zaidi. Kidole kikaenda nyuma ya kiboksi, kikapapasa gizani.

"Ngoja kidogo," akasema Mama Watoto. "Huku nyuma kuna nini?"

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.